Chumba Kisicho na Dirisha

Mlango umefungwa, ufunguo umezungushwa kwa nje, na Sindano yuko ndani peke yake. Hapo ndipo nilipomwacha juma lililopita, na habari nilizonazo ni kwamba wengi mlinilaani. Laanini tu, mimi nimezoea. Lakini kaeni vizuri, maana leo hakuna pa kupumulia.

Wewe uliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nakupa mawili matatu usije ukasema tumekuacha njiani.

Sindano ni fundi makochi. Ameajiriwa kung'oa viti na magodoro kwenye meli kongwe ya abiria iliyofungwa gatini, na nyuma yake wanakuja wakata chuma na gesi zao, wanaifanya vipande. Meli hiyohiyo ndiyo iliyowabeba baba na mama yake kabla yeye hajazaliwa, wakiwa na mtoto wao wa kwanza, mvulana wa miaka mitatu. Mtoto yule hakushuka.

Mama alikuwa hoi kwa homa, amelazwa katika zahanati ya meli. Baba alibaki na mtoto chumbani. Kulipokucha mtoto hayupo. Wakubwa wa meli wakakuta dirisha wazi, wakasema ametumbukia baharini. Baba akaapa kwamba chumba hakikuwa na dirisha kabisa. Mama, ambaye alilala chumba kile kabla ya kuugua na dirisha akaliona kwa macho yake, akamwita muuaji na mwongo juu. Hajamsemesha tangu siku ile.

Na wale mnaouliza Sindano alipatikanaje basi, nawajibu: mtu anaweza kumnyima mwenzake maneno asimnyime kila kitu. Tuendelee.

Chumba ni namba sitini na nne. Mama hajaisahau namba hiyo, hata usingizini huitaja. Na dakika ile kabla mlango haujafungwa, Sindano alikuwa amefanya jambo moja tu: ameligusa dirisha la mviringo lililo juu ya kitanda, kwa kidole kimoja, likafunguka lote. Kitasa chake kiko chini, mtoto akisimama kitandani anakifikia. Maisha yake yote Sindano alikuwa upande wa Baba. Sasa moyo ulimwingia baridi. Dirisha hili hapa, na Baba alisema halipo.

"Nani huko?" akapiga kelele, akiugonga mlango kwa kiganja.

"Nani huko ndani?" sauti nzito ikamrudishia. "Mwenye kuuliza ni mimi. Mwizi haulizi maswali."

"Mwizi gani? Fungua, mzee, mimi fundi makochi!"

"Juzi walikuja mafundi bomba. Wakaondoka na vitasa vyote vya shaba vya sitaha ya chini. Kaa humohumo mpaka nyapara aje akupekue."

"Korido hii inakatwa leo! Unataka nikatwe pamoja na kitanda?"

Mbali kidogo, upande wa mbele wa meli, bamba la chuma lilianguka na ukuta ukatetemeka mgongoni mwa Sindano.

"Kwani unatafuta nini humo?" mzee akauliza. "Magodoro ya huku yalishatoka zamani."

Uongo ulikuwa tayari mdomoni. Sindano hakuuweza. "Natafuta alipofia kaka yangu," akasema.

Ufunguo ukazunguka.

Aliyesimama mlangoni ni mzee mfupi mwenye tochi na shada la funguo. Watu humwita Mzee Brashi. Alitumika katika meli hii tangu haina kutu, na wenye chuma wamemweka alinde kwa sababu ndiye pekee anayeweza kuizunguka bila kupotea. Alimsikiliza Sindano mpaka mwisho, akichezea funguo zake, kisha akaingia na kuliangalia lile dirisha.

"Mama yako aliugulia chumba hiki?"

"Hiki hiki. Wakamtoa kwa machela."

"Homa?"

"Homa kali. Alikuwa hajitambui."

Mzee akatikisa kichwa. "Basi, binti yangu, usiku huo humu hakulala mtu."

"Unasemaje?"

"Ilikuwa ndiyo sheria ya meli. Mgonjwa wa homa akitolewa, chumba kinafukizwa dawa na kinafungwa. Wenzake waliobaki wanahamishiwa popote penye nafasi. Asubuhi ndiyo tunakuja kufungua dirisha, harufu itoke."

"Ngoja. Dirisha mnalifungua nyinyi? Asubuhi?"

"Tunaliacha wazi mpaka jioni. Ukiona dirisha la chumba liko wazi na hamna mtu, unajua kulikuwa na mgonjwa."

Sindano akaketi kwenye chuma cha kitanda. Dirisha lililomhukumu Baba lilifunguliwa na wahudumu, kutoa harufu ya dawa.

"Walihamishiwa chumba gani?" akauliza. "Mzee wangu, nitajie tu."

"Nitakutajia nini? Safari zilikuwa nyingi kuliko nywele zangu. Na enzi hizo mimi sikuwa mtu wa kuulizwa. Kazi yangu ilikuwa kupiga brashi viatu. Hili jina unadhani nimelitoa wapi?" Akacheka kidogo. "Abiria nilikuwa siwajui kwa sura. Nawajua kwa viatu vyao."

"Kwa viatu?"

"Jioni abiria anaacha viatu nje ya mlango. Napita na gunia. Kabla sijatia kiatu guniani, nakigeuza, naandika namba ya mlango kwa chaki, hapa katikati ya soli, pasipogusa chini. Asubuhi kila kiatu kinarudi mlangoni kwake. Ukimpelekea bwana kiatu cha bwana mwingine, siku hiyo hutakaa uisahau."

Sindano alisimama. "Na watoto?"

"Hata vya watoto. Vidogo hivi, huingizi zaidi ya vidole viwili. Hivyo nilikuwa navifanya mwisho, kwa raha zangu." Mzee Brashi akageuka amalizie hadithi, akakuta anaongea na dirisha. Fundi makochi alishafika kwenye ngazi.

Nyumbani alikuta mifuko ya Baba iko sebuleni imefungwa.

Hii nayo mnaijua, au sasa mjue. Moyo wa Baba umechoka. Daktari ametamka hivyo bila kuzunguka. Na Baba amesema hatafia nyumba ambayo anaitwa muuaji, bora akafie kwa dada yake. Shangazi anakuja kumchukua leo kwa gari. Akishapanda gari lile, hakuna anayedhani atarudi, na ndiyo sababu Sindano alikuwa akikimbia mjini mchana kweupe huku vumbi la kutu limemjaa nywele.

Wazee wawili walikuwa wamesimama karibu hivi kwamba mmoja akinyoosha mkono anamgusa mwenzake.

"Sindano, afadhali umekuja," Mama akasema. "Mwambie baba yako dawa zake nimezitia mfuko mdogo."

"Mwambie mama yako nimeziona," akasema Baba.

Hivyo ndivyo nyumba ile ilivyoishi. Tangu anajifunza kusema Sindano alikuwa daraja, mpaka mambo ya chumvi na sukari yanapita kwake. Leo daraja lilivunjika.

"Jiambieni wenyewe! Mama, nataka viatu vya kaka."

Mama akamtazama. "Viatu vya nani?"

"Vile ulivyofungia sandukuni. Nataka kuviona, sasa hivi."

"Sindano, usinitie wazimu. Viatu vile haviguswi na mtu."

"Mama, tafadhali. Vilitoka wapi? Nani alikupa?"

Mama alikwenda dirishani, akarudi, akashika mgongo wa kiti, akakiacha. Ufunguo wa sanduku ulikuwa mahali pake pa siku zote, umefungwa kwenye pindo la kanga kiunoni, na mkono wake ulikuwa ukiushika na kuuacha. "Mhudumu aliniletea zahanatini," akasema mwishowe. "Walivikuta nje ya mlango asubuhi ile. Vimeng'arishwa, vimepangwa, kama vinamngoja avivae."

"Ukavifanya nini?"

"Nivifanye nini? Nikavikumbatia. Mpaka leo sijavipangusa hata vumbi. Naogopa nikivipangusa nitamfuta yeye."

Sindano machozi yakamjaa, lakini hakuacha. "Umewahi kuvigeuza?"

"Nivigeuze nitafute nini?"

"Mama, fungua sanduku."

Sijui ni sauti ile au ni vile Baba alivyoketi ghafla juu ya mfuko wake. Mama alifungua. Alitoa kitambaa, na ndani ya kitambaa viatu viwili vyeusi vidogo, cha kushoto kipana kuliko cha kulia. Mtoto alizaliwa na vidole viwili vya mguu wa kushoto vimeshikana, na fundi viatu aliambiwa ampanulie. Mama alivishika kifuani. Kisha, polepole, akavigeuza.

Kwenye soli, katikati pale pasipogusa chini, kulikuwa na chaki. Imefifia, lakini inasomeka. Kiatu cha kulia: sabini na moja. Kiatu cha kushoto: sabini na moja.

"Ni namba ya kiatu," Mama akasema haraka.

"Mtoto wa miaka mitatu avae kiatu namba sabini na moja? Alikuwa tembo?"

"Basi ni ya dukani."

"Mama, ni namba ya mlango! Aliyepiga brashi ndiye aliyeiandika, usiku uleule. Hawakulala sitini na nne. Ulipotolewa, chumba kilifungwa kutiwa dawa, Baba na kaka wakahamishwa, na wakubwa wakaenda kukagua chumba kilichoandikwa kwenye tiketi."

Baba alikuwa ameuziba uso wake kwa viganja. "Sabini na moja," akasema. "Nilimwambia. Siku ya kwanza nilimwambia, tumehamishwa, chumba cha ndani, hakina dirisha. Akasema mimi nina homa kuliko yeye."

Mama akasimama. Uso wake ulikuwa umekaza. "Sindano, mwambie baba yako kuhamishwa si hoja. Dirisha lilikuwepo. Nina shahidi."

"Shahidi gani tena?"

"Wifi yangu. Tulisafiri naye, alikuwa anashukia bandari ya njiani. Asubuhi ile alikuja zahanatini kuniaga. Nikamshika mkono, nikamwambia, wifi, niambie ukweli, alipolala mwanangu pana dirisha? Akalia mpaka akanilowesha. Akasema, lipo, wifi, na kaka yangu aliliacha wazi, nimeliona kwa macho yangu."

Baba aliteremsha viganja taratibu.

"Dada yangu alisema hivyo?"

Mama hakumjibu, si unajua tena. Lakini hakugeuka pia.

"Dada mwenyewe ndiye aliyenisaidia kumlaza mtoto," Baba akasema. "Sabini na moja. Alikaa kitandani, akamwimbia. Ukuta mtupu pande zote. Aliona."

Angalieni walichojifanyia watu hawa. Mke alikuwa na shahidi, mume hakujua. Mume alikuwa na jibu la shahidi huyo, mke hakumpa nafasi ya kulitoa. Wangegombana kwa maneno siku moja tu, kwa kelele, majirani wakaja kuamua, mambo yote yangejulikana siku hiyohiyo. Hasira ya kimya ndiyo iliyowala.

Nje honi ikalia.

Shangazi alikuwa amefika. Mwanamke mnene, nadhifu, bangili mpaka karibu na kiwiko. Nyuma ya usukani alikuwa mwanawe wa pekee, ambaye nyumba nzima inamwita Binamu. Shangazi alikaa nchi ya mbali miaka mingi baada ya kushuka bandari ile, akarudi na kijana mkubwa ana ndevu, akasema amemzaa hukohuko. Binamu ni mtu mpole asiye na maneno. Aliingia, akaamkia, akabeba mifuko ya Baba yote mara moja.

Sindano alimvuta Mama pembeni. "Usimwambie shangazi chochote. Twende kwanza tukaone kwa macho."

"Nikaone nini?"

"Dirisha lako."

Shangazi alipoambiwa kwamba watapitia gatini, bangili zililia. "Gatini? Kwenye lile likutu la meli? Kaka yangu ana moyo mgonjwa, mnataka afie huko?"

"Nataka kuiaga," Baba akasema, akajiingiza garini mwenyewe kabla ya kusaidiwa.

Njiani Shangazi alikaa mbele akizungusha bangili moja, anaivua, anaivaa. Mama alikuwa nyuma, kitambaa cha viatu mapajani. Sindano alikuwa akitazama moshi wa gesi juu ya mapaa ya maghala, akiomba moyoni korido ile isiwe imefikiwa.

Nyapara alikutana nao kwenye ngazi, kofia ya chuma kichwani. "Wageni hawaruhusiwi. Hapa si makumbusho."

"Ni kazi yangu," Sindano akasema. "Kuna godoro nimelisahau."

"Na hawa wazee ndio wa kulibeba?"

Mzee Brashi akatokea nyuma yake. "Vijana wako wanakula," akasema. "Waache waingie. Nitawatoa mwenyewe."

Nyapara akawatazama wazee, akautazama mkono wa Baba ulioing'ang'ania kamba ya ngazi. "Vijana wakimaliza sahani zao, korido hiyo inaliwa na gesi. Mkiwa ndani msije mkanilaumu."

"Mimi miguu inaniuma," Shangazi akasema kutoka garini. "Siwezi ngazi hizo hata mnilipe. Na wewe mwanangu, baki hapa."

"Mama, mjomba hawezi kupanda peke yake."

"Nimesema baki!"

Sauti ile haikuwa ya mtu anayeumwa miguu. Hata Binamu alishangaa. Lakini mguu wa Baba ulikwisha kuteleza kwenye ngazi ya pili, na Binamu akaruka akamdaka. Wakapanda hivyo, mmoja amemwegemea mwenzake.

Ndani taa zilikwisha kukatwa. Mzee Brashi alitangulia na tochi. "Upande huu, unaotazama bahari, ni namba shufwa: sitini na mbili, sitini na nne. Upande wa pili ni namba witiri, vyumba vya ndani. Vya bei ya chini. Humo abiria alikuwa hajui jua limetoka mpaka aambiwe."

"Taratibu, mama, hapa kuna waya," Binamu akasema, akimshika Mama kiwiko.

Sabini na moja. Mlango ulikuwa umevimba. Mzee akausukuma kwa bega.

Kilikuwa chumba kidogo, vitanda viwili vya chuma vimebanana. Mama aliingia wa kwanza. Hakungoja tochi. Aliweka kiganja ukutani na kuanza kutembea nacho, polepole, kulia kwa mlango, nyuma ya kitanda, kona, akapanda juu ya chuma cha kitanda na uzee wake ule, akapapasa mpaka darini. Ukuta mtupu. Akashuka, akaanza upya kutoka kushoto. Sindano alitaka kumzuia, Mzee Brashi akamshika mkono: mwache.

Alipomaliza mara ya pili alisimama katikati ya chumba, anahema. Sindano akajiandaa kwa yale ya kila siku, mwambie baba yako hivi, mwambie vile.

Mama akageuka akamtazama mumewe machoni.

"Hakina," akasema. "Mume wangu, hakina dirisha."

Baba akaketi juu ya chuma cha kitanda na kulia kwa sauti, mzee mzima, bila kujificha uso. "Nilikwambia."

"Uliniambia. Nami nikakuita muuaji mbele ya watu."

"Nilikuwa nadhani ipo siku utasema twende tukaone. Nikangoja. Kila mwaka nangoja."

"Nisamehe. Nisamehe, baba watoto." Mama alijishikiza ukutani. Sindano alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, hajui mikono aiweke wapi. Kama hadithi ingekuwa na huruma, ningeiachia hapa, wazee wakashikana mikono wakaenda zao nyumbani.

Lakini mkono wa Mama ulikuwa bado ukutani, na vidole vyake vilikuwa vimeingia mahali.

"Hapa pana nini?" akauliza.

Ulikuwa ufa, umenyooka kutoka sakafuni kwenda juu, mwembamba, umefichwa na rangi. Sindano akapiga magoti. Alichomoa patasi yake ndogo, ile ya kung'olea misumari ya makochi, akakwangua. Rangi ikabanduka. Chini yake ikatokea bawaba. Kisha bawaba ya pili.

"Huu ni mlango," akasema.

"Vyumba vya ndani vingine vilijengwa pacha," Mzee Brashi akasema, na sauti yake haikuwa ile ya kwanza. "Kwa familia kubwa. Wakikaa abiria wawili tofauti, mlango wa kati unafungwa. Huku hauna kitasa, umefanana na ukuta. Usipoonyeshwa huujui."

"Unafungwa na nani?"

"Una komeo moja tu. Liko upande wa pili. Sabini na tatu."

Kila mtu akamgeukia Baba. Alikuwa amekoma kulia, mdomo uko wazi. "Mlango wa korido niliufunga," akasema. "Ufunguo niliulalia. Asubuhi ulikuwa chini ya shingo yangu. Nilijiuliza maisha yangu yote aliyemtoa mwanangu alipita wapi."

"Baba," Sindano akasema, "nani alilala sabini na tatu?"

Alijua jibu kabla halijatoka. Aliliona likipanda usoni mwa baba yake, na akatamani kulirudisha.

"Dada yangu," Baba akasema.

Huko chini honi ya gari ikaanza kulia. Haikuwa honi ya kuita. Ililia moja kwa moja, mkono umelazwa juu yake, haikatizwi.

Hapo ndipo walipokumbuka kwamba kuna mtu hajasema neno tangu waingie chumba kile. Binamu alikuwa amesimama kizingitini, kichwa juu, anatazama pembe moja ya dari ambayo tochi ilikuwa haijafika. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetafuta jina la kitu.

"Mbona ile taa ya bluu haiwaki?" akauliza.

Mzee Brashi akainua tochi. Pale juu, nyuma ya utando wa buibui, kulikuwa na kijitaa cha usiku, kidogo kama yai. Kioo chake kilikuwa cha bluu.

"Umewahi kuingia humu?" Sindano akanong'ona.

"Mimi? Hapana. Mimi nimezaliwa..." Binamu akasita. Akapitisha kiganja usoni. "Mama amesema nimezaliwa ng'ambo."

Mama alikuwa amekifungua kitambaa. Alivishika viatu vile kwa mikono miwili, akamsogelea Binamu hatua kwa hatua, kama mtu anayeogopa kumwamsha aliyelala.

"Mwanangu," akasema, "hebu vua kiatu cha kushoto."

Honi ikanyamaza ghafla. Na miguu ile iliyokuwa inauma ikasikika ikipanda ngazi za chuma mbio.